Kujitolea kuna faida, lakini si kila kazi ya bure ni kujitolea

Na DAKTARI WETU

KIJANA mmoja wa miaka 26 alikuja katika kliniki yangu Jumanne moja alasiri akilalamika kwamba anaumwa na kichwa. Alisema kichwa kilikuwa kimemsumbua kwa muda wa wiki tatu, kwamba hapati usingizi hata akiwa amechoka, na chakula hakimpendezi tena. Nilimpima shinikizo la damu, nikamchunguza macho, kisha nikampeleka maabara apimwe malaria na kiwango cha damu. Kila kitu kilikuwa sawa.

Nilipomuuliza anafanya kazi gani, alinyamaza kidogo kabla ya kujibu.

"Daktari, mimi ni afisa wa kliniki. Lakini sijaajiriwa. Ninajitolea tu."

Kwa muda wa miezi 11 kijana huyo alikuwa akihudumu katika zahanati moja ya kibinafsi. Alifanya zamu tano za usiku kila wiki, peke yake, bila daktari wala muuguzi mwenye uzoefu wa kumuuliza neno. Wagonjwa walilipa kama kawaida kwenye dirisha la malipo. Yeye alipewa nauli siku ambazo mwenye zahanati alikumbuka. Aliahidiwa kwamba nafasi ya kazi ikipatikana atafikiriwa kwanza, na nafasi ilipopatikana akaajiriwa mtu mwingine.

"Nikiacha, nitakuwa nimepoteza miezi 11 yote," akaniambia. "Nikiendelea, sijui ninaelekea wapi."

Kijana huyo hakuhitaji dawa ya kichwa. Alihitaji usingizi, chakula na mtu wa kumwambia ukweli. Tuliongea karibu nusu saa, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Wauguzi, maafisa wa kliniki, wafamasia na madaktari wachanga wengi hupita mlangoni mwangu wakiwa na swali hilo hilo. Je, kutoa ujuzi wako bila malipo kunasaidia kupata kazi, au ni kupoteza wakati?

Jibu langu ni kwamba kunasaidia sana, ila inategemea unautoa wapi, chini ya nani na kwa muda gani.

Waliosoma ni wengi, nafasi ni chache

Si siri kwamba mambo yamebadilika. Zamani mtu alipohitimu udaktari au uuguzi alijua kwamba barua ya serikali ya kumpangia kituo iko njiani. Tangu mwaka wa 2013 huduma nyingi za afya zimekuwa chini ya serikali za kaunti, na kila kaunti huajiri kulingana na bajeti yake. Kwa hivyo utakuta hospitali yenye foleni ndefu ya wagonjwa, na nje ya lango la hospitali hiyo hiyo kuna vijana waliosomea kuwatibu lakini hawana kazi.

Hata kupelekwa kufanya mwaka wa uanagenzi kumekuwa na misukosuko. Mzozo kuhusu kupangiwa vituo na malipo ya madaktari wanagenzi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyosababisha mgomo wa madaktari ulioanza Machi 14, 2024 na kumalizika Mei 8 mwaka huo, baada ya siku 56.

Katika hali hii, kijana huambiwa na wazazi, walimu na wachungaji: "Nenda ujitolee mahali, utapata watu." Ushauri huo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba haujakamilika. Ni kama daktari kukuandikia jina la dawa bila kukuambia unywe vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi. Dawa yoyote isiyo na kipimo yaweza kudhuru.

Yaliyonipata Nakuru

Mimi mwenyewe nilikulia katika ushauri huo. Nilimaliza mwaka wangu wa uanagenzi mwishoni mwa 2007, nikarudi kwa wazazi wangu Nakuru kungoja barua ya kupangiwa kazi. Ndipo ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka kuwa kambi ya wakimbizi wa ndani.

Asubuhi moja jirani yetu, mama aliyekuwa amestaafu uuguzi, alibisha mlango. "Mwanangu," akasema, "unakaaje nyumbani na elimu yote hiyo kichwani? Vaa viatu twende."

Nilihudumu kambini kwa wiki saba. Asubuhi tulianza na watoto wenye kuhara na vifua, kisha akina mama wajawazito. Lakini waliotutia wasiwasi zaidi ni wale waliokuwa wazima kwa macho: watu wenye kisukari, wenye kifua kikuu na wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, waliokimbia usiku na kuacha dawa zao katika nyumba zilizoteketezwa. Mtu wa namna hiyo hukuambii anaumwa. Ukikosa kumuuliza, siku zinapita, na dawa aliyokatiza inapoteza nguvu mwilini mwake.

Kulikuwa na mfamasia mmoja mwenye umri wa makamo aliyesimamia dawa zetu. Kila jioni, hata kama mvua ilikuwa inanyesha na sote tumechoka, alitulazimisha tukae chini tuhesabu vidonge vilivyobaki na kujaza daftari: nani amepewa nini, anatoka wapi, arudi lini. Nilinung'unika moyoni. Chuoni hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba tiba ni pamoja na daftari.

Sikumwomba mtu yeyote kazi katika wiki hizo saba. Barua yangu ilikuja, nikaenda kituoni nilikopangiwa. Miaka miwili baadaye mfamasia yule, ambaye nilikuwa nimeonana naye labda mara tatu tangu kambini, alinipigia simu. Hospitali moja ya misheni ilikuwa inatafuta daktari wa kusimamia wagonjwa wa nje, na alikuwa tayari amewatajia jina langu. Baadaye niliambiwa alichosema. Hakusema kwamba nina akili nyingi. Alisema, "Huyo hujaza daftari hata akiwa amechoka."

Kwa nini mlango hufunguliwa na mtu wa mbali

Yaliyonipata hayakuwa bahati nasibu. Mwaka wa 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu jinsi watu wanavyopata kazi. Aliwahoji wafanyakazi katika mji wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kwa kuelekezwa na mtu wanayemjua, akawauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi wakati huo. Chini ya asilimia 17 walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Karibu asilimia 56 walikuwa wakionana naye pindi kwa pindi tu, na karibu asilimia 28 ni kwa nadra sana.

Maelezo yake ni rahisi. Ndugu yako na rafiki yako wa karibu wanajua yale yale unayoyajua. Mnasikia tangazo moja, mnasoma gazeti moja, mnalalamikia ukosefu mmoja wa kazi. Lakini mtu mliyejuana kwa mbali anaishi kati ya watu wengine na anasikia habari ambazo kamwe hazingefika barazani kwenu.

Kujitolea kitaaluma hukukutanisha na watu wa aina hiyo. Katika siku moja ya kambi ya matibabu, muuguzi kijana atafanya kazi na daktari wa macho kutoka kaunti jirani, mtaalamu wa maabara wa hospitali ya misheni, dereva wa ambulensi na afisa wa afya ya umma. Isitoshe, hao wote wanamwona akifanya kazi. Barua ya kuomba kazi husema, "Mimi ni mwenye bidii." Mtu aliyekuona saa kumi jioni ukimsikiliza mgonjwa wa themanini kwa heshima ile ile uliyompa wa kwanza hahitaji kuambiwa hivyo.

Utafiti mwingine ulitolewa mwaka wa 2013 na shirika la serikali ya Marekani lililosimamia huduma za kujitolea. Ulitumia takwimu za zaidi ya watu 70,000 za kati ya 2002 na 2012, na ukaonyesha kwamba watu wasio na kazi waliojitolea walikuwa na uwezekano wa asilimia 27 zaidi wa kupata kazi kuliko wasiojitolea. Kama daktari, naona ni lazima niongeze tahadhari. Yamkini mtu mwenye afya, nauli na ari ya kutoka nyumbani ndiye huyo huyo ambaye angepata kazi hata bila kujitolea. Na Marekani si Kenya. Hata hivyo, takwimu hizo hazipingani na yale niliyoyaona hapa kwetu kwa miaka mingi.

Toa unachokijua

Historia ya afya katika nchi yetu ina mfano mzuri. Mwaka wa 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege kwenda kutibu wagonjwa wa mashambani Afrika Mashariki. Huduma hiyo ndiyo iliyokua na kuwa shirika la AMREF, ambalo makao yake makuu yako Nairobi hadi leo. Vilevile shirika la Operation Smile limekuwa likifanya upasuaji wa bure wa midomo iliyopasuka nchini tangu 1987.

Jambo la kuangalia hapa ni kwamba wapasuaji hao walitoa ujuzi waliokuwa wakiutumia kila siku katika kazi zao za malipo. McIndoe, kwa mfano, alikuwa amewatibu marubani walioungua katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Hawakwenda kijijini kujaribu mambo ambayo wasingeruhusiwa kuyafanya mjini.

Nalisisitiza hili kwa sababu kuna vijana wanaodhani kwamba kambi ya bure ni mahali pa kujifunzia juu ya mwili wa maskini. Kung'oa jino ambalo hujafundishwa kung'oa, au kupasua uvimbe kwa sababu "hapa hakuna atakayeuliza," si kujitolea. Ukitaka kujifunza jambo jipya, na ni vizuri utake, jifunze ukiwa umesimama kando ya anayelijua, na mgonjwa awe ameelezwa na kukubali.

Wala ujuzi unaohitajika si wa matibabu peke yake. Nimeona mhasibu kijana akipanga upya vitabu vya hesabu vya zahanati ya kijiji, na fundi wa kompyuta akifanya kumbukumbu za kliniki ya akina mama zipatikane kwa dakika moja badala ya saa nzima. Hao nao walitoka na majina ya watu wa kuwasemea.

Kosa langu

Nisingekuwa mkweli kama ningesimulia mema peke yake. Miaka michache baada ya Nakuru nilihudumu katika kambi ya bure ya siku moja iliyoandaliwa na shirika ambalo sitalitaja. Watu walianza kupanga foleni kabla ya jua kuchomoza. Kufikia saa nane mchana tulikuwa tukihesabu wagonjwa, maana wenye kambi walitaka idadi kubwa ya kuandika katika ripoti yao, na mimi nilikubali kwenda na mwendo huo.

Mzee mmoja aliketi mbele yangu. Shinikizo lake la damu lilikuwa 190 kwa 110. Alipopumzika nikapima tena, halikushuka. Alisema haumwi popote. Nilimpa vidonge vya siku 14, nikamwambia, "Zikiisha nenda hospitali, mzee," nikamwita aliyefuata. Sikumwandikia barua. Sikuandika jina la kituo kilicho karibu naye. Sikumuuliza kama ana mtu wa kumkumbusha.

Miezi miwili baadaye aliletwa katika wodi niliyokuwa nikifanya kazi, upande wa kulia umepooza na hawezi kusema. Mkewe alinitambua kabla sijamtambua mzee.

"Daktari, si wewe uliyempa dawa siku ile?" akaniuliza bila hasira. "Zilipoisha tulidhani amepona."

Walikuwa na haki ya kudhani hivyo, kwa sababu kwa malaria au kifua ndivyo ilivyo: dawa zikiisha umepona. Mimi ndiye niliyepaswa kuwaeleza kwamba shinikizo la damu linalozidi 140 kwa 90 kila linapopimwa ni hali ya kudumu, kwamba aghalabu halina dalili, na kwamba dawa zake humezwa kwa miaka, si kwa wiki mbili. Kuliweka hilo wazi kungechukua dakika tano. Dakika hizo tano sikuwa nazo, kwa kuwa nilikuwa nikihesabu watu.

Tangu siku hiyo siendi kambi yoyote kabla ya kuuliza swali moja: wagonjwa tutakaowagundua leo, kesho watakwenda kwa nani? Nisipopata jina la kituo na la mtu, sendi.

Kabla hujajitolea

Kutokana na hayo, haya ndiyo ninayowashauri vijana wenzangu katika taaluma.

Kwanza, leseni. Kutolipwa hakukuondolei wajibu. Daktari lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno na awe na leseni ya mwaka huo. Muuguzi, afisa wa kliniki na mfamasia nao wana mabaraza na bodi zao. Mgonjwa akidhurika, hakuna atakayekusamehe kwa kuwa hukulipwa. Uliza pia kama kambi ina kibali, kama idara ya afya ya kaunti ina habari, na kama kuna bima ya kitaaluma inayokukinga.

Pili, msimamizi. Awepo mtu mwenye uzoefu kuliko wewe, anayepatikana ukimwita. Bila msimamizi hujifunzi lolote, na hakuna wa kukushuhudia baadaye. Kumbuka kwamba unachotafuta si cheti cha kuning'iniza ukutani. Unatafuta mtu anayeweza kusema, "Nimemwona akifanya kazi."

Tatu, maandishi. Hata ukurasa mmoja unatosha: kazi yako ni ipi, siku gani, saa ngapi, chini ya nani, kwa muda gani, na kama utapewa nauli na chakula. Miezi mitatu ni muda mzuri wa kuanzia. Ikiisha, kaeni chini mtathmini. Usitoe zaidi ya siku mbili kwa wiki kama bado unatafuta ajira, maana anayelinda wodi ya watu usiku kucha hatakuwa na nguvu za kutafuta kazi mchana.

Nne, daftari lako. Andika aina za magonjwa uliyokutana nayo, uliyojifunza na uliyoyakosea, bila kuandika majina ya wagonjwa. Siku ya mahojiano ya kazi daftari hilo litakupa majibu ambayo wengine hawana. Kama kuna mafunzo, uliza iwapo yanahesabiwa katika alama za elimu endelevu zinazohitajika kufanya leseni yako iongezwe muda.

Tano, afya yako mwenyewe. Hili husahauliwa na wengi. Kabla ya kugusa sindano, hakikisha umepata chanjo ya homa ya ini aina ya B. Hutolewa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita. Ukidungwa na sindano iliyotumika, osha mahali hapo mara moja kwa maji na sabuni, usipakamue, kisha umwarifu msimamizi saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinafaa kuanzwa haraka iwezekanavyo, wala zisipite saa 72, na humezwa kwa siku 28. Aliyeajiriwa hupelekwa na mwajiri wake. Wewe unayejitolea uliza mapema: nikidungwa, nani atanishughulikia?

Sita, baada ya kazi. Mtumie msimamizi wako ujumbe mfupi wa shukrani. Baada ya miezi kadhaa mwulize hali na umweleze uliko. Usiwe mtu anayepiga simu siku ya shida tu. Uhusiano nao unahitaji kupaliliwa kama shamba.

Dalili za kunyonywa

Kama vile ugonjwa ulivyo na dalili, unyonyaji nao una zake. Ya kwanza ni hii: mgonjwa analipa, mwenye kituo anapata faida, na wewe peke yako ndiye unayejitolea. Ya pili, unafanya kazi ya mtu aliyeajiriwa, kwa saa zote, na ukikosa kufika zahanati inafungwa. Ya tatu, ahadi ya kazi haina tarehe. Ya nne, unaogopa kuuliza.

Ukiona dalili mbili kati ya hizo, jua kwamba wewe ni mfanyakazi asiyelipwa. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamlinda mtu aliyeajiriwa kwa ujira, hata kama mkataba wake ni wa mdomo. Asiyekuwa na ujira wowote hupata taabu kudai haki yake. Ndiyo maana ni heri kuuliza mwezi wa kwanza kuliko kulia mwezi wa 11.

Hata serikali imekiri kwamba kujitolea kuna mipaka. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya ya jamii walizunguka nyumba kwa nyumba kwa moyo wao tu. Mnamo Septemba 2023, wahudumu 100,000 walizinduliwa rasmi wakiwa na mikoba ya vifaa, na wakaahidiwa posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Si pesa nyingi, lakini ni kukubali kwamba anayetoa miguu yake kila siku naye ana watoto wa kulisha.

Je, ni dhambi kujifaidi?

Wapo watakaoniuliza: wahenga walisema tenda wema nenda zako, wewe wawafundishaje vijana kutenda wema huku wakihesabu faida?

Swali hilo ni la haki. Mimi naona hivi. Mgonjwa hapungukiwi na kitu kwa sababu aliyemtibu vizuri alipata kazi baadaye. Anapungukiwa pale aliyemtibu anapomfanya ngazi: anapopigwa picha bila ruhusa, anapoharakishwa ili idadi itimie, anapotumiwa kufanyiwa mazoezi. Almuradi haja ya mgonjwa inatangulia, hakuna ubaya kijana kutumaini kwamba bidii yake itaonekana. Nami kwa mzee yule wa kambini sikuwa na tamaa ya kazi wala ya sifa, na bado nilimkosea. Nia njema peke yake haitibu.

Neno kwa wanaokwenda kambi za bure

Nawe msomaji unayekwenda kutibiwa katika kambi hizo, usione haya kuuliza. Muulize anayekuhudumia jina lake na kazi yake. Usiondoke bila karatasi yenye vipimo vyako, jina la dawa uliyopewa na mahali pa kwenda zikiisha. Ukiambiwa una shinikizo la damu au sukari, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe kabla dawa hazijaisha, hata kama unajihisi mzima. Uende na karatasi hiyo na mtu wa nyumbani.

Kijana wangu alirudi

Kijana niliyeanza naye alirudi baada ya miezi mitatu, safari hii si kwa ugonjwa. Aliacha zahanati ile. Alizungumza na msimamizi wa hospitali ya kaunti, wakaandikiana ukurasa mmoja: siku mbili kwa wiki katika kliniki ya wagonjwa wa kisukari, chini ya daktari bingwa. Siku nyingine anafanya zamu za kulipwa kwa siku katika vituo viwili. Analala. Kichwa kimeacha kumuuma.

Kazi ya kudumu hajapata, na sitamdanganya msomaji kwamba ataipata kesho. Lakini alinionyesha daftari lake, kurasa zaidi ya 40, na kuniambia kwamba mtaalamu wa lishe wa kliniki hiyo amemwelekeza kwenye mahojiano ya kazi ya mkataba katika kaunti nyingine. Kwa miezi 11 ya zamu za usiku hakuna aliyekuwa amemwelekeza popote, kwa kuwa hakuna aliyemwona akifanya kazi.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, vijana wainame. Lakini kabla ya kuinama, wachungulie kwanza kama mvunguni kuna kitu.

Juma lijalo: Kisukari na miguu. Kwa nini kidonda kidogo kisipuuzwe.